Vitabu vikuukuu vya sayansi visipelekwe jaani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika juma lililopita kwamba vitabu vya kiada vya sayansi vilivyopitwa na wakati havifai tena ila kuwashia moto, kwa kuwa kila kilichomo sasa kiko kwenye simu, tena kimesahihishwa. Alimalizia kwa kusema kuwa anayevitunza anatunza vumbi.

Mimi ni mmoja wa hao watunza vumbi. Nilisoma jiolojia chuo kikuu, nikafundisha jiografia sekondari hadi nikastaafu, na kitabu kimoja cha enzi zile za chuo hakijawahi kukaa mbali na meza yangu. Ni "Principles of Physical Geology" cha Mwingereza Arthur Holmes, toleo la kwanza, lile la 1944. Sikukinunua. Kilikuwa cha maktaba ya chuo. Toleo jipya lilipofika wakakigonga muhuri wa kukiondoa kwenye orodha, wakakitupa kwenye rundo koridoni, nami nikakiokota nikiwa naenda zangu kwenye kipindi. Mgongo wake nimeubandika upya kwa kitambaa na gundi. Karatasi zimegeuka rangi ya chai, na wadudu wameionja faharasa, lakini picha na michoro yote ipo, na Holmes alikuwa mtu wa michoro kwelikweli. Mto unaokata kona, volkano iliyopasuliwa ubavu ukaona ndani yake, tabaka za miamba zilizokunjwa zikapinduka: unaangalia mchoro kwanza, halafu maelezo unayasoma kwa kuthibitisha tu ulichokwisha kukiona.

Sitaki kudanganya watu kwamba napenda kitabu hiki kwa sababu ya michoro peke yake, au kwa sababu ya ujana wangu. Wala siimbi ule wimbo wa ya kale dhahabu. Yako mengi ya kale ambayo ni bati tupu, na nitayagusa mbele. Nakipenda kwa sababu ya sura yake ya mwisho, inayohusu kusogea kwa mabara.

Mwaka ule wa 1944 jambo hilo lilikuwa karibu na aibu. Alfred Wegener, Mjerumani, alikuwa amelitoa hadharani mwaka 1912, kisha akaliandikia kitabu mwaka 1915: kwamba mabara yote yaliwahi kuwa bara moja, likapasuka, vipande vikaenda kila kimoja upande wake. Ushahidi wake haukuwa wa kubahatisha. Visukuku vya Mesosaurus, mnyama mtambaazi wa kwenye maji aliyekuwa mdogo tu, vilipatikana kusini mwa Afrika na Amerika Kusini, wala si rahisi kuamini kwamba kiumbe yule aliogelea Atlantiki nzima. Majani ya mmea uitwao Glossopteris yako ndani ya miamba ya Afrika, India, Australia, Amerika Kusini hadi Antaktika. Mikwaruzo ya mito ya barafu ya zamani iko kwenye nchi ambazo leo zinaungua jua. Wegener alifia kwenye barafu ya Greenland mwaka 1930, na alipokufa wanajiolojia walio wengi walikuwa hawajamkubali.

Sasa fungua kitabu cha kiada cha siku hizi. Jambo hili lote utalikuta ndani ya kisanduku cha rangi pembeni mwa ukurasa. Picha ya Wegener na bomba lake la tumbaku mdomoni, sentensi mbili kwamba wenzake walimcheka, sentensi ya tatu kwamba baadaye alionekana kuwa sahihi. Kisha mabamba, yaani vile vipande vikubwa vya tabaka gumu la juu la dunia, mipaka ya mabamba, matetemeko, zoezi. Mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba wanasayansi wa zamani walikuwa wajinga na sisi tuna akili. Ni kama kuangalia mechi kwa kuoneshwa mabao tu. Unayajua matokeo, lakini mpira hukuuona.

Ukweli ni kwamba waliompinga Wegener walikuwa na hoja. Nguvu gani inasukuma bara zima? Yeye alitaja nguvu zitokanazo na mzunguko wa dunia na mvuto wa mwezi na jua. Harold Jeffreys, mwanahisabati hodari wa Uingereza, alipiga hesabu akaonesha kwamba nguvu hizo ni dhaifu mno, hazikaribii hata kidogo kuburuta bara juu ya mwamba mgumu. Na hesabu ya Jeffreys kwa nguvu zile ilikuwa sahihi! Mpaka leo hakuna anayesema mabara yanasukumwa na nguvu alizozitaja Wegener. Hoja hiyo kwenye kisanduku cha rangi haimo, kwa sababu ikiwemo itaharibu hadithi.

Kwenye kitabu changu imo. Holmes anaieleza kwa heshima, kama mtu anayejua kwamba mwenzake ana akili, kisha anatafuta pa kupitia. Pembeni mwa mchoro wake mkuu, ule wa mishale inayozunguka chini ya bara, kuna mwanafunzi wa kabla yangu aliyeandika kwa penseli, "Nguvu yenyewe inatoka wapi?" Chini yake mkono mwingine, kwa wino wa bluu, umemjibu, "Fungua ukurasa unaofuata, bwana." Kuandika kwenye kitabu cha maktaba ni utovu wa adabu, na yule wa wino ndiye mkosaji zaidi. Lakini nimewazoea hao wawili kiasi kwamba nikikipata kitabu hichohicho kikiwa safi nadhani nitakiona kimya.

Jibu la Holmes ni joto. Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, maana mtu huyu hakuliokota jibu barabarani.

Karne ya 19, Lord Kelvin, mwanafizikia mashuhuri wa Uingereza, alihesabu umri wa dunia kwa kuichukulia kuwa tufe lililoyeyuka ambalo linapoa taratibu. Mwaka 1862 alisema ni kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Kufikia 1897 alikuwa ameushusha hadi kati ya milioni 20 na 40. Wanajiolojia waliokuwa wakipima unene wa tabaka za miamba waliona muda huo hautoshi, lakini nani angebishana na Kelvin kwa hesabu? Kisha ikagundulika kwamba ndani ya miamba mna elementi zenye mionzi, kama urani na thoriamu, ambazo zinapovunjika hutoa joto. Dunia ina moto wake yenyewe. Na uvunjikaji huo huenda kwa kasi isiyobadilika: urani hugeuka kuwa risasi, ile metali nzito, kidogo kidogo, hivyo ukipima kiasi cha urani na cha risasi kwenye mwamba, umepata saa. Holmes alikuwa kijana wa miaka 21 tu alipoutumia mtindo huo mwaka 1911 kupima mwamba wa Norwei wa kipindi cha Devoni, akapata miaka milioni 370. Leo kipindi hicho kinahesabiwa kuanzia miaka milioni 419 hadi milioni 359 iliyopita, na ile namba ya kijana bado iko ndani yake.

Mwaka huohuo wa 1911, kwa kuwa sayansi haikumlipa, alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Madini ya maana hakuyaona. Alichokipata ni malaria kali kiasi kwamba habari za kifo chake zilitumwa kwao kwa simu ya maandishi. Akapona, akarudi, na mwaka 1913 akatoa kitabu chake cha kwanza kuhusu umri wa dunia. Huwa nafikiri juu ya simu ile. Ingekuwa kweli, nani angeandika sura ninayoizungumzia?

Basi mtu aliyekwisha kuijua miamba kwa joto la mionzi yake ndiye aliyejiuliza: joto lote hilo linatokaje? Kwa upitishaji peke yake haitoshi, maana jiwe hupitisha joto polepole mno. Akapendekeza, kwanza kwenye mhadhara wa mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha katika sura ile, kwamba mantili, yaani lile tabaka nene lililo chini ya ganda la dunia, lina mikondo. Mwamba wenye joto hupanda, ukifika juu hugawanyika pande mbili, hupoa, hushuka. Mkondo ukipanda chini ya bara, bara huvutwa huku na huku, hupasuka, na bahari mpya huzaliwa kwenye mwanya. Pale mikondo inaposhuka ndipo penye mifereji mirefu ya kina cha bahari. Wanafunzi wengi hudhani mantili ni uji unaochemka. Si hivyo, ni mwamba mgumu, ila ukipewa joto na miaka ya kutosha hujongea, sentimita chache kwa mwaka.

Nilipokuwa nafundisha, hilo ndilo somo nililolingoja mwaka mzima. Nilikuwa naweka maji kwenye bakuli la kioo linalostahimili moto, natia vumbi la mbao, nalipasha kwa mwali mdogo uliowekwa katikati chini. Vumbi hupanda katikati, likifika juu likatawanyika kushoto na kulia, likazama kandokando. Hapo nalaza juu ya maji vipande viwili vyembamba vya mbao vikiwa vimegusana. Vinaachana, polepole, bila mtu kuvigusa. Darasa zima husimama. "Mwalimu, mabara yanasogea!" Nami nawaambia kaeni chini, tulichothibitisha hapa ni kwamba maji yanasogea. Wananuna. Halafu ndipo nafungua kitabu.

Maana Holmes, baada ya kuchora mishale yake yote na kupanga kila kitu kikakaa sawasawa, anaandika maneno ambayo sijayaona katika kitabu kingine chochote cha kiada. Anamwonya mwanafunzi kwamba mawazo ya kukisia ya aina hii, yaliyobuniwa makusudi ili yalingane na kinachotakiwa kuelezwa, hayana thamani ya kisayansi mpaka yapate ushahidi wa kutoka kwingine, usiotegemea mawazo hayo. Anasema hivyo juu ya wazo lake mwenyewe, tena zuri, mwishoni mwa kitabu kinachosomwa na vijana ambao wangemwamini hata asingeonya.

Ushahidi wa kwingine ulikuja. Meli zilizokuwa zikiburuta vipima-sumaku zilikuta kwamba sakafu ya bahari ina mistari ya usumaku, mmoja umeelekea kaskazini, unaofuata umepinduka, na mpangilio wa upande mmoja wa tuta la katikati ya bahari, ile safu ya milima iliyo chini ya maji, unafanana na wa upande wa pili. Mwaka 1963 Waingereza wawili, Fred Vine na Drummond Matthews, wakaeleza sababu: mwamba mpya huzaliwa kwenye tuta, hupoa ukiwa umeshika mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati huo, maana sumaku hiyo imepinduka mara nyingi, kisha hugawanyika na kusogezwa pande zote mbili. Meli zile hazikutumwa kumtetea Wegener. Kilikuwa kipimo cha sumaku tu. Kabla muongo huo haujaisha, nadharia ya mabamba ilikuwa imesimama.

Ukisoma sura ya Holmes huku unayajua hayo, unaona pia alikokosea, na hilo nalo ni somo. Hakuliona tuta la katikati ya bahari kuwa kiwanda chembamba cha ganda jipya. Alidhani mikondo ndiyo inayobeba kila kitu mgongoni, ilhali leo uzito wa bamba lenyewe linapozama kwenye mfereji unapewa sehemu kubwa ya kazi ya kuvuta. Mwanafunzi anayeweza kuonesha kwa kidole mahali ambapo mtu mwenye akili kiasi hicho aliishia, na kwa nini aliishia hapo, amejifunza kitu ambacho jibu la kwenye simu haliwezi kumpa, kwa sababu jibu la kwenye simu limeoshwa.

Msomaji wako atasema toleo jipya linatosha. Sawa, tuyaangalie matoleo. La pili lilitoka 1965, likiwa nene zaidi ya mara mbili ya la kwanza, na Holmes akafariki mwaka huohuo, akiwa ameuona usumaku wa miamba ukianza kumpa haki lakini hajaisikia nadharia ya mabamba ikitajwa kwa ukamilifu wake. La tatu, la 1978, lilirekebishwa na mjane wake, Doris, aliyekuwa mwanajiolojia mwenye jina lake mwenyewe kabla na baada ya ndoa. Weka matoleo hayo matatu mezani, fungua sura za mabara, na umeshapata historia ya miaka 34 ya hoja moja. Maktaba inayobakiza lile la mwisho tu na kuyatupa mawili ya kwanza imebakiza hitimisho na kutupa mjadala. Vitabu vya siku hizi, tena, vingi hutolewa upya kila baada ya miaka michache si kwa sababu sayansi imebadilika bali ili mazoezi ya sura ya tano yahamie ya sita, na mwanafunzi aliyeazima cha kaka yake ashindwe kufuata kazi aliyopewa. Toleo la namna hiyo sina ugomvi nalo likienda jaani.

Nilisema yako ya kale ambayo ni bati, na sitaki nieleweke vibaya. Miongozo ya zamani ya maabara ya kemia iliwafundisha wanafunzi kuvuta vimiminika kwenye pipeti kwa mdomo, na benzini, ambayo inasababisha saratani ya damu, ilitumika kama kiyeyushi cha kawaida tu. Kitabu cha namna hiyo kiwekwe mahali pa kusomwa, si pa kufuatwa. Kitabu cha tiba cha miaka hiyohiyo mtu asikitumie kukadiria dawa ya mtoto wake. Na anayejiandaa kwa mtihani asije kwangu kuazima Holmes wa 1944, atafeli, na atanilaumu.

Ninachoomba ni kidogo. Wakutubi wa vyuo, kabla ya kugonga muhuri, wabakize nakala moja ya kila toleo lililoandikwa upya kwelikweli; nakala moja, si rafu nzima. Hazichukui nafasi kubwa kuliko viti vibovu vinavyorundikwa kwenye ghala za vyuo. Wahadhiri nao wachukue sura moja ya namna hii kutoka kitabu cha kale cha somo lao, iwe fizikia, iwe biolojia, sura iliyoandikwa wakati jambo halijaamuliwa, waisome na wanafunzi wa mwaka wa kwanza kabla ya kuwafundisha jibu. Kisha wawaulize: kwa ushahidi uliokuwepo siku ile, wewe ungesimama upande gani? Nimewahi kuliuliza swali hilo darasani kuhusu mabara, na waliosimama na Jeffreys walikuwa wengi, tena ndio waliokuwa wazuri wa hesabu.

Nimesikia mhadhiri mmoja akisema muda hautoshi, silabasi ni ndefu. Sura yenyewe si ndefu, na michoro imechukua sehemu yake nzuri tu. Jioni moja inatosha.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mwalimu mstaafu wa jiografia